Kwa Herufi, Shilingi Mia Tano

Fundi wa marumaru pale Kirumba
hutoza kwa herufi, shilingi mia tano.
Nafasi kati ya maneno ni bure.
Ba'mdogo Bwire amenitumia ujumbe:
*Andika MWANZILISHI. Herufi kumi na moja, nimeshahesabu.
Wewe tafuta mwaka tu.*

Nilianzia parokiani, kwenye daftari la ubatizo
ambalo mchwa walilisoma kabla yangu.
Nikampata mwanawe, Yosefu, mtu mzima,
baba yake Majura, mpagani, marehemu,
*aliyekuja kwa mtumbwi*. Mwaka hakuna.
Aliyeandika alikuwa na wino hafifu
na mkono wa mtu mwenye homa.

Kwetu Kayenze hadithi haijawahi kuugua.
Majura alivuka kutoka Ukara kabla ya sotoka,
akakuta pori, hata moshi hakuna,
akatema toka ufukweni hadi kwenye mawe mawili,
shoka moja, peke yake.
Tumeisikia matangani, tumeisikia harusini,
na mara mbili barazani
jirani aliposogeza mkonge wa mpaka.

Basi meli hadi Nansio,
pikipiki hadi Bugolora,
kivuko, kisha miguu
hadi kwa Nyabise binti Mafuru,
ambaye hakuacha kazi yake kwa sababu yangu.
Alikuwa akimlisha ng'ombe ndani ya nyumba,
majani kwa kipimo, kama mgonjwa wa wodini;
kule ng'ombe hazururi,
na samadi hulindwa kama akiba ya ada.
"Majura yupi?" akauliza. "Wa mkuyu?"

Ukara, nilielezwa nikiwa bado mlangoni,
shamba laweza kuwa lako
na mti uliomo ukawa wa mwenzio.
Mkuyu ulikuwa wa ukoo wake Nyabise.
Majura aliuangusha mchana kweupe
watu wakiwa mazishini.
Faini: mbuzi mmoja na jembe. Hakulipa.
Mtumbwi nao ulikuwa wa shemeji.
"Huyo hakwenda kutafuta ardhi," akasema,
"alikwenda kutafuta mahali mti hauna mwenyewe."
Akacheka, nami nikacheka.
Kisha akaacha, akaniuliza mbuzi yuko wapi.

Kivukoni, wakati wa kurudi, nililiwaza hilo
huku nikilinda viatu visilowe:
mti mmoja ulimfukuza,
miti isiyohesabika ikampa jina.

Na yale mawe mawili. Nilikwenda kuyatazama upya.
Juu ya moja kuna vishimo saba vya kusagia,
laini kama ndani ya kijiko.
Utotoni tulichezea bao humo,
tukajaza maji ya mvua, tukazamisha siafu.
Jiwe halilainiki hivyo kwa mwezi mmoja,
wala kwa mikono ya mwanamke mmoja.

Nikamuuliza shangazi Nyangeta,
Majura alioa wapi?
"Hakwenda kuoa. Alimkuta."
Alimkuta wapi?
"Hapa."
Akageuza dagaa kwenye turubai, upande huu, upande ule.
Jina lake?
"Aa, wewe nawe. Si bibi yetu tu."

Sasa nimesimama Kirumba, vumbi jeupe nyushini.
Nahesabu kwa vidole:
ALIKATA MTI WA WATU, elfu nane.
ALIMKUTA HAPA, elfu sita.
MWANZILISHI, elfu tano na mia tano, ndiyo nafuu,
na fedha niliyopewa inatosha hiyo.
Bei ya mbuzi sijaiuliza.

"Na mwaka?" fundi anauliza, penseli sikioni.
Sina. Acha wazi.
"Na hapa chini, pa mke?"
Simu inatetemeka mfukoni; ni Ba'mdogo.
Acha wazi napo, nasema, upana wa jina zima.
"Sawa," anasema, akiinama kupima.
"Mahali patupu huwa sitozi."